"Sema Kitu kwa Lugha Yenu"

Haya ni maneno nlozungumza na vijana pale Majengo, Mombasa, Jumamosi ilopita baada ya Alasiri. Kuna walonambia niyaandike wapate kuyasoma walokuwa kazini, basi nimeyaandika vile yalivyotoka, na mahali pawili patatu nimeongeza kidogo manake siku ile Magharibi ilitukuta sijamaliza.

Assalamu alaikum. Ndugu zetu Wakristo mlokuja hamjambo, karibuni sana. Wazee wangu hapo mbele shikamooni. Kina mama hapo mlangoni sogeeni ndani jamani, huku kuna feni.

Nliambiwa nizungumze juu ya ubaguzi wa rangi na asili kwenye uchaguzi, na kijana alonialika akasema mwalimu tueleze ya Marekani. Ntawaeleza, yana mafunzo mengi. Lakini ntaanza na chumba kimoja hapa hapa Mombasa, kwa sababu mtu akisikia ubaguzi kwenye kura fikira zake zaenda mbali, anaona askari wa Kizungu na marungu, hamuoni mtoto wa jirani yake anayerudi nyumbani na bahasha ya fotokopi kwapani.

Mimi mnanijua, nimesomesha darasani miaka thelathini na kitu, na kila uchaguzi ukija nlikuwa naitwa ukarani wa kituo. Nimekagua majina, nimepaka watu wino kidoleni mpaka mikono yangu mwenyewe ikawa zambarau. Watu wakikutana nami huniuliza habari za debe, mwalimu kura ziliibwa? Na mimi huwajibu, mnatazama debe mno. Kuna kura haikufika hata kwenye debe, iliondolewa kitambo, mezani kwa karani, mwaka mzima kabla ya uchaguzi, na mwenyewe hajui hata pa kulalamika.

Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, alimaliza fomu foo mwaka 2016. Yeye na rafiki yake wa dawati moja, kijana wa Kidigo kutoka Likoni, walikwenda pamoja kuomba kitambulisho. Wamezaliwa mwaka mmoja, hospitali moja, na vyeti vya kuzaliwa vya rangi moja. Rafiki yake akajaza fomu, akachukuliwa alama za vidole, akapewa ile karatasi ya kusubiri, baada ya wiki kadhaa kitambulisho kikatoka. Mpwa wangu akatazamwa jina, akatazamwa uso, akaambiwa wewe kaa kando, wewe utapigwa msasa. Vetingi, yani kuchunguzwa asili. Jina la babake ni la Kihadhrami, wale Waarabu wa asili ya Yemen, basi.

Siku ya msasa nlikwenda naye. Meza ndefu, wamekaa watu watano, benchi nje limejaa watoto wetu, Waarabu, Wapemba, Wasomali, Wabajuni, Wahindi wawili watatu. Akaulizwa babako amezaliwa wapi, akasema Mji wa Kale. Babu yako? Mji wa Kale. Babake babu yako? Hapo mtoto akanyamaza. Sasa nawauliza nyinyi mlokaa hapa, nani anaweza kuleta karatasi inayoonyesha babake babu yake kazaliwa wapi? Nyanyueni mikono niwaone.

(Ilinyanyuka mikono miwili ukumbi mzima.)

Mnaona. Na humu nyote mna vitambulisho, mnapiga kura, hakuna alowauliza.

Kisha mmoja pale mezani akamwambia, haya, sema kitu kwa lugha yenu. Mpwa wangu akasema lugha yetu ndo hii tunayozungumza. Akaambiwa hiyo ni ya kila mtu, nataka ya kwenu. Wallahi nlihisi kitu kifuani sijakihisi tena. Kiswahili kimeandikwa kwenye katiba ya 2010 kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, wimbo wa taifa tunauimba kwa Kiswahili, wabunge wanaapa kwacho, halafu mtoto alozaliwa ndani ya lugha hiyo, nyanyake anaitungia mashairi ya harusi, anaambiwa hiyo si yako, leta nyengine. Hana nyengine. Alijaribu kusema salamu ya Kiarabu alojifunza chuo cha Kurani, nikaona hiyo ndo inamzamisha kabisa, yani akisema Kiswahili hana kabila, akisema Kiarabu ni mgeni.

Wakataka kipande cha babu, yani kitambulisho chake. Babu alikufa. Wakataka cha nyanya, tukaleta. Wakataka cheti cha kifo cha babu, tukaleta. Wakataka barua ya chifu, tukaleta, muhuri ukaonekana haujakolea, tukarudi tena. Kila kwenda ni nauli, ni fotokopi, ni siku ya kazi imepotea, na hiyo nayo ni kodi ijapokuwa haina risiti. Mwanzo wa 2017 tume ya uchaguzi ikapita kuandikisha wapiga kura, na bila kitambulisho au pasipoti huandikishwi. Siku ya kura, Agosti, mpwa wangu alimshika mkono nyanyake mpaka kituoni, akambebea kigoda cha kukalia kwenye foleni, wakafika getini, askari akamwambia kama huna kura rudi nje. Akasimama nje ya geti na kigoda mkononi. Mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye kipande chake mwenyewe kilikuwa hakitoshi kumthibitisha mjukuu wake, kikatosha kumpigia kura rais. Hilo jambo sijapata mtu wa kunieleza likanielea.

Sasa hilo swali la wewe ni wa wapi lina historia, na mji huu unaijua vizuri kuliko mji wowote Kenya.

Wakoloni walipoanza uchaguzi hapa mwaka 1920, waliochagua ni Wazungu peke yao, viti kumi na moja kwenye baraza la kutunga sheria. Wakati ule ule Mwafrika mwanamume wa miaka kumi na sita kwenda juu alikuwa anavishwa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha bati, na alama za vidole vyake na jina la mwajiri wake. Wahindi baadaye wakapewa viti vitano, Waarabu kimoja, na Waafrika wakapewa mmishonari wa Kizungu awasemee. Mwafrika wa kwanza kukaa ndani ya baraza lile ni Eliud Mathu, mwaka 1944, na yeye aliteuliwa, hakuchaguliwa na mtu.

Hicho kiti kimoja cha Waarabu ndo nataka tukikalie kidogo. Kilipokuja, likaja swali, nani Mwarabu? Na hapa Mombasa kulikuwa na Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili ya Waswahili, wenyeji wa Mvita, watu walokuwa hapa kabla ya kila serikali, Mreno aliwakuta, Muomani aliwakuta, Muingereza aliwakuta. Wakaambiwa nyinyi si Waarabu, nyinyi ni wenyeji tu, hampigi kura. Watu wa msikiti mmoja, walooana, wanaokula sinia moja kwenye harusi, fomu ya serikali ikapita katikati yao, huyu ana kura yule hana. Mwaka 1927 Thenashara Taifa wakaunda jumuiya yao kupinga, na jambo lile lilivutana mpaka mwanzo wa miaka ya hamsini ndo wakakubaliwa kuhesabiwa upande wa Waarabu. Nataka muone ubaya wake vizuri. Yule alonyimwa hakwenda kudai kila mtu apewe kura, alikwenda kudai yeye ahamishwe upande wa walopewa, manake mlango ulokuwa wazi ulikuwa huo mmoja. Na Mgiriama na Mdigo walobaki upande wa pili waliona na hawakusahau. Chuki nyingi za pwani hii mnazosema ni za mila, zilishonwa kwenye daftari la wapiga kura. Siwalaumu wazee wale, lakini siwezi kuwaficha.

Mwafrika alipiga kura mara ya kwanza Machi 1957, wakachaguliwa watu wanane nchi nzima. Pwani tulimtoa Ronald Ngala, mwalimu kama mimi. Lakini hata kura hiyo ilikuwa na mizani. Ukiwa umesoma unapata, ukiwa na mshahara au mali unaongezewa, mtu mmoja aliweza kufika kura tatu, na jirani yake asosoma asiyekuwa na mali hana hata moja. Kule mlimani Wakikuyu, Waembu na Wameru ilibidi waonyeshe cheti cha utiifu kwa serikali kabla hawajaandikishwa, kwa ajili ya Mau Mau. Yani wewe hukuzaliwa na kosa, umezaliwa na kabila, na kabila lako ndo linaletewa masharti. Uchaguzi wa 1961 bado kulikuwa na viti ishirini vimewekwa kando kwa rangi, kumi vya Wazungu, vinane vya Wahindi, viwili vya Waarabu. Mpaka Mei 1963 ndo kila mtu mzima akawa na kura moja sawa na mwenziwe. Babangu mzazi alipiga hiyo, alikuwa kuli bandarini, na mpaka anakufa alikuwa akiihadithia kama mtu anayehadithia kuzaliwa kwa mwanawe.

Haya, Marekani.

Kule vita vya kumaliza utumwa vilipokwisha waliandika kwenye katiba yao mwaka 1870 kwamba mtu asinyimwe kura kwa rangi yake wala kwa kuwa alikuwa mtumwa. Limeandikwa wazi. Basi majimbo ya kusini yakatunga sheria ambazo hazitaji rangi hata mara moja. Lipa kodi ndo upige kura. Soma kifungu hiki cha katiba na ukieleze maana yake. Na kama babu yako alikuwa na haki ya kura kabla ya vita, wewe umesamehewa huo mtihani. Babu! Sikieni hilo. Mweusi babu yake alikuwa mtumwa, atatoa wapi kura? Jimbo la Louisiana mwaka 1896 lilikuwa na wapiga kura weusi walosajiliwa 130,334. Mwaka 1904 walikuwa 1,342. Watu wapo, hawakuhama, hawakufa, wameondolewa kwenye daftari tu.

Nlipokuwa nasoma habari hizi nlisimama hapo kwenye babu, nikakumbuka kile kipande cha babu yake mpwa wangu. Nchi tofauti, miaka tofauti, rangi tofauti, lakini ujanja ni mmoja, unamuuliza mtu jambo ambalo unajua hana jibu lake, kisha unasema amefeli mwenyewe.

Na nguvu zote zilikuwa kwa karani. Mzungu anasomewa mstari mmoja mwepesi anapita, profesa mweusi anapewa ukurasa mzima wa sheria anaangushwa. Mji wa Selma, Alabama, ofisi ya kuandikisha ilifunguliwa siku mbili kwa mwezi, na weusi walokuwa wamesajiliwa kaunti ile walikuwa kama wawili katika kila mia. Watu walisimama nje ya ofisi ile kuanzia asubuhi mpaka jioni na wakarudi. Ndo tarehe 7 Machi 1965 wakaamua kutembea, wakafika daraja la Edmund Pettus, askari wakawapiga na kuwatupia gesi, kijana anaitwa John Lewis akavunjwa fuvu la kichwa, na baadaye akawa mbunge miaka zaidi ya thelathini. Dunia iliona kwenye televisheni. Agosti 6 mwaka huo huo sheria ya haki ya kura ikatiwa sahihi, na uzuri wa sheria ile haukuwa kwenye maneno matamu, ulikuwa hapa: majimbo yenye rekodi mbaya hayawezi kubadilisha kitu chochote cha uchaguzi mpaka kwanza yaombe ruhusa serikali kuu. Mzigo ukahama. Si mpiga kura anayethibitisha tena, ni ofisi inathibitisha kwamba haibagui. Mississippi weusi walosajiliwa wakatoka chini ya saba kwa mia mwaka 1964 wakafika karibu sitini kwa mia mwaka 1967. Miaka mitatu. Kwa hivyo mtu asiwambie haya mambo yanataka subira.

Halafu Juni 2013 mahakama yao ya juu kabisa, majaji watano kwa wanne, wakaiondoa nguvu ile ya kuomba ruhusa, wakasema hali imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg alikataa, akasema hiyo ni sawa na kutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu wewe hurowi. Siku ile ile Texas wakasema sheria yao ya vitambulisho inaanza kazi, na kwenye sheria ile leseni ya bunduki ilikubaliwa kupigia kura, kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu kikakataliwa.

Mwavuli huo nauleta hapa kwetu. Mwanzo wa mwaka 2025 rais Ruto alisimama Wajir, kule kaskazini mashariki, akatangaza kwamba ule msasa wa ziada kwa jamii za mipakani umekwisha. Nlifurahi, sitaki kusema uongo, nliswali rakaa mbili. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale Oktoba 2016 kwenda Ikulu Nairobi ndo wakapata vitambulisho mwaka uliofuata, watu ambao wazee wao waliletwa kukata mkonge na miwa kabla ya uhuru. Wapemba wametambuliwa mwaka 2023. Kila mmoja amekuja na lake, kila mmoja amepewa na rais fulani siku fulani. Na mimi woga wangu ni hapo. Kilichotolewa kwa tamko hurudi kwa tamko. Na afisa wa chini, yule wa mezani, tamko la Wajir linaweza lisimfikie, mwezi uliopita nimemsindikiza binti mmoja akaambiwa tena alete kipande cha nyanyake. Katiba yetu kifungu cha 83 chasema wazi mipango ya kuandikisha wapiga kura itengenezwe kumrahisishia raia kupiga kura na isimnyime. Mimi nataka sheria ya bunge inayotaja stakabadhi zipi zinatosha, na inayosema ofisi ikikunyima ikupe sababu kwa maandishi na sahihi. Karatasi ile ndo utakwenda nayo kortini. Ukiambiwa kwa mdomo "rudi wiki ijayo" huna cha kumuonyesha hakimu.

Sasa nna la mwisho na si tamu, na kuna watu humu litawauma, lakini nimeapa nkija hapa ntalisema.

Hilo swali hatuulizwi tu. Tunauliza pia.

Mwaka 1997 nlikuwa nasomesha Likoni. Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi kilivamiwa, na pale feri, askari wakauliwa, na wiki zilizofuata ikawa ni msako wa wabara. Makaratasi yalitupwa, wabara nendeni kwenu. Uchaguzi ulikuwa Desemba, na watu wa bara hapa walihesabiwa kuwa kura za upinzani. Zaidi ya watu mia moja waliuliwa, wapatao laki moja wakahama nyumba zao. Kulikuwa na mama wa Kikamba alokuwa akituuzia viazi karai nje ya geti la shule, wanafunzi wote wakimwita Mama. Amezaa watoto wanne hapa, Kiswahili chake kilikuwa cha Likoni kabisa. Nlimkuta kanisani walikokimbilia, amelala chini sakafuni na watoto, kaniomba kitu kimoja tu, mwalimu nenda nyumbani kwangu chini ya godoro kuna mfuko wa nailoni, kuna kadi yangu ya kura na vyeti vya watoto. Nlikwenda. Nyumba ilikuwa imeshachomwa. Nlimrudishia sufuria.

Desemba hakupiga kura, alikuwa ameshakwenda Machakos. Na mtaani kwetu watu walisema afadhali, sasa pwani itachaguliwa na wapwani. Walosema hivyo ni watu wema, ni majirani zangu, wengine walimpelekea uji kule kanisani. Na mimi nlinyamaza. Nlikuwa na mdomo, nlikuwa mwalimu, watu wangenisikia, nlinyamaza.

Kwa hivyo mtu akinambia leo hii mwalimu tupiganie Waarabu na Wapemba wapate vipande lakini wabara wasiandikishwe hapa wakapige kwao, namwambia umenipoteza. Karani alomwambia mpwa wangu sema kitu kwa lugha yenu, na kijana alomwambia mama yule rudi kwenu, wamekaa meza moja.

Mpwa wangu kitambulisho alikipata mwaka 2019, miaka mitatu. Akajiandikisha. Kura yake ya kwanza ilikuwa Agosti 9, 2022, na mtakumbuka siku ile kura ya ugavana ya Mombasa haikufanyika, karatasi zilichanganyika, ikasogezwa mpaka tarehe 29. Watu wengi hawakurudi, vituo vilikuwa vitupu. Yeye alirudi. Nyanyake alikuwa ameshafariki, lakini alikwenda na kile kigoda, akakalia mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri geti bado limefungwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi ntakuwa nje ya ofisi ya usajili na faili langu, nimesema na vijana saba mpaka sasa, watatu Wapemba, wawili Waarabu, mmoja Msomali wa Kisauni, na kijana wa Kiluo alozaliwa Changamwe ambaye chifu hataki kumpa barua. Mwenye mtoto alokwama amlete, aje na cheti cha kuzaliwa na namba ya simu. Wazee wenye vipande vya zamani nawaomba mje pia, hata kama hamna mtoto wenu kwenye foleni, mkae nasi pale bencheni.